Kwa nini kanisa la kwanza la Fredericksburg, Texas, lilijengwa pembe nane?

#1 Rula ya Chuma

Wakuu, salaam.

Kwenye vilima vya kati vya Texas, Marekani, kuna mji mdogo unaoitwa Fredericksburg. Ulianzishwa na wahamiaji wa Kijerumani tarehe 8 Mei 1846. Mwaka uliofuata wakasimamisha jengo lao la kwanza la umma, Vereins Kirche, kanisa la ile jumuiya ya wakuu iliyowasafirisha (Adelsverein). Ni pembenane kamili: kila upande una upana wa futi 18, na ukuta unapanda futi 18. Juu ya paa kuna kijumba kidogo, nacho cha pembe nane. Wenyeji walilibatiza Kaffeemühle, kinu cha kahawa.

Lilisimama katikati kabisa ya barabara kuu, kati ya uwanja wa soko na pale ilipokuja kuwekwa mahakama. Lilibomolewa 1897. Hilo ambalo watalii wanapiga picha leo pale Marktplatz (uwanja wa soko) ni nakala ya 1935 hadi 1936.

Hoja yangu ni hii: umbo lile ni uamuzi wa seremala, halikutoka kwa mchungaji wala mwanasiasa. Mwaloni wa vilima vile (Quercus stellata) ni mfupi na umepindapinda. Kupata gogo lililonyooka la futi 18 ni kazi. La futi 50 usahau. Pembenane inakupa ukumbi mkubwa bila boriti hata moja ya ukutani kuzidi futi 18. Anayepinga aje na vipimo.

#2 Kijiti

Rula, mbona inajulikana kwamba ilikuwa ngome? Wacomanche, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikuwa majirani. Jengo la pembe nane unachungulia pande zote. Seremala ameingiaje hapo?

#3 Mama Zawadi

Kijiti, ngome ilikuwa moja ya kazi zake, hilo halina ubishi. Kanisa, shule, ukumbi wa mikutano na kimbilio, vyote chini ya paa moja. Lakini tazama tarehe. John O. Meusebach, kiongozi wa wahamiaji wale, alikwenda kuonana na machifu wa Comanche kwenye mto San Saba mapema mwaka 1847, na mkataba ukatiwa sahihi Fredericksburg tarehe 9 Mei 1847. Jengo ni la mwaka huohuo wa amani.

Halafu ngome ina kanuni yake. Anayeilinda lazima aweze kuona na kupiga sambamba na uso wa ukuta, ndiyo maana ngome huwekewa minara inayochomoza kwenye pembe, kama Fort Jesus pale Mombasa. Pembenane isiyo na kitu kinachochomoza haina hilo. Adui akishagusa ukuta, aliye ndani hamwoni mpaka atoe kichwa dirishani. Kwa hiyo kimbilio sawa, ila umbo halikuchorwa na askari.

#4 Fundi Tezo

Rula kataka vipimo, hivi hapa.

Upande futi 18, yaani mita 5.49. Kutoka ukuta hadi ukuta unaotazamana unapata futi 43.5 hivi, mita 13.25. Eneo la ndani karibu futi za mraba 1,564, mita za mraba 145. Mzunguko wa kuta futi 144.

Ukitaka eneo hilohilo kwa mraba, mzunguko unakuwa futi 158. Kwa mstatili wa 28 kwa 56, ambao ndio umbo la kawaida la kanisa, futi 168. Pembenane imeokoa futi 24 za ukuta, na kwa kimo cha futi 18 hiyo ni asilimia 14 ya kazi yote ya ukuta. Kwa watu waliofika juzi wakiwa na mashoka na magari ya ng'ombe, si kidogo.

Ila mkuu Rula usishangilie bado. Hicho ulichookoa ukutani unakilipa kwenye pembe. Nguzo ya kona kwenye jengo la mraba unaichonga pande nne tu. Hapa kona ni digrii 135, kwa hiyo nguzo inataka nyuso tano, na kila mahali mbao mbili zinapokutana zinakatwa kwa digrii 22.5. Mbao za sakafu zinakatwa mshazari pande nne kati ya nane. Vigae vya paa vinakatwa kwenye mikunjo minane. Mabaki yanakuwa mengi. Seremala anayetafuta wepesi hachagui pembenane.

#5 Njiwa Manga

Fundi Tezo, swali la anayejifunza. Bila vyombo vya kupima pembe, mtu anaipigaje pembenane chini kwenye udongo ikakaa sawa?

#6 Fundi Tezo

Njiwa, kamba na vigingi tu. Kwanza piga mraba wa mita 13.25. Uhakiki kwa kupima mishazari yote miwili: ikilingana, mraba umenyooka. Nusu ya mshazari itakuwa mita 9.37. Shika kamba ya urefu huo, funga ncha moja kwenye pembe ya mraba, nyosha juu ya upande wa kulia, weka alama. Kisha upande wa kushoto, weka alama. Rudia pembe zote nne. Utakuwa na alama nane, mbili kila upande, na umbali kati ya alama hizo mbili ni mita 5.49. Unganisha alama kwa kuruka pembe za mraba. Basi.

Panapoharibika: watu wanapima kamba ikiwa kavu asubuhi, umande au mvua ikiigusa inafupika. Kosa la sentimita 2 kwenye kila pembe linajilimbikiza kwenye paa, kwa sababu makombamoyo manane ya pembeni lazima yote yafike katikati kwa urefu mmoja. Tumia ufito mrefu uliokatwa kwa kipimo badala ya kamba, hautarefuka wala kusinyaa.

#7 Msoma Ramani

Uzi mzuri. Nawaletea njia nyingine.

Jengo hili kwa kawaida hutajwa pamoja na jina la Friedrich Armand Strubberg, aliyejiita Dr. Schubbert, mkurugenzi wa koloni pale Fredericksburg 1846 na 1847. Huyu baadaye alirudi Ujerumani akawa mwandishi wa riwaya. Alizaliwa Kassel, 1806.

Sasa angalieni Kassel kuna nini. Karlskirche, kanisa la wakimbizi wa Kihuguenoti lililobuniwa na Paul du Ry na kukamilika 1710, mpango wake ni pembe nane. Na kwenye kilima cha Wilhelmshöhe juu ya mji kuna jengo kubwa linalobeba sanamu ya Hercules, nalo linaitwa Oktogon hadi leo. Kijana wa Kassel akiambiwa "simamisha jengo la heshima katikati ya mji mpya", macho yake yameshazoea umbo gani? Hapo seremala alipewa kazi tu, wazo lilishafika na meli.

#8 Mama Zawadi

Msoma Ramani, hiyo ya Kassel ina uzito. Wengine huipeleka mbali zaidi, Aachen, kanisa la ikulu la Karolo Mkuu, ambalo lina pembenane ya ndani iliyozungukwa na ukuta wa pande 16. Mimi Aachen naiona mbali. Kule ni mawe, ghorofa za matao, na kuba la mawe. Kama tunatafuta ndugu wa karibu, kuna kanisa la mlimani la Seiffen, milima ya Saxony, lililomalizika 1779: pembe nane, paa la mteremko pande zote, mnara mdogo juu. Kijiji cha wachimba madini na wachonga mbao. Weka picha zake kando ya kinu cha kahawa mtaona.

#9 Kijiti

Au walifuata mtindo wa Wamarekani wenyewe. Karne ile Marekani ilijaa nyumba za pembe nane, mpaka leo zipo.

#10 Msoma Ramani

Kijiti, wimbi hilo lilianzishwa na Orson Fowler, na yeye alianza kuzipigia debe mwaka 1848. Kinu cha kahawa ni cha 1847. Mtoto hamtangulii baba.

#11 Mwalimu Kibao

Naomba niwahamishe kutoka kwenye mbao kidogo. Tujiulize nani angesali mle.

Wahamiaji wale walikuwa Waprotestanti wa aina zaidi ya moja pamoja na Wakatoliki, na jengo lilikuwa moja. Ukijenga mstatili umeshachagua: ncha moja ni madhabahu, nyingine ni mlango, na kila aingiaye anajua nani mwenye nyumba. Pembenane haina kichwa wala mkia. Unaweza kuweka meza ukuta wowote, Jumapili hii huku, Jumapili ijayo kule, Jumatatu watoto wa shule wakageuza mabenchi. Umbo lile ni mapatano.

Na hawakuwa wageni wa kushirikiana. Wengi wa wahamiaji wale walitoka Nassau, dola ndogo ya Kijerumani, na maeneo ya jirani, na Nassau iliunganisha Walutheri na Wareformed (Waprotestanti wa mkondo wa Calvin) kuwa kanisa moja mwaka 1817. Kanisa kuu la Wetzlar linatumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. La Bautzen hivyohivyo, tangu karne ya 16.

#12 Rula ya Chuma

Mwalimu, nakubali kwamba lilifaa kwa mapatano. Lakini kufaa si sababu. Jumuiya ile ilikuwa imefilisika au karibu. Iliwatoza watu fedha kabla ya safari, ikaahidi ardhi, usafiri, nyumba na majengo ya umma. Kisha vita vya Marekani na Mexico vilipoanza 1846, jeshi likakodi magari ya ng'ombe yote, watu wakakwama ufukweni kule Indianola, na wengi wakafa kwa maradhi. Nyumba moja kwa madhehebu yote ndiyo iliyokuwa ndani ya uwezo. Umoja wa kipato, siyo wa imani.

#13 Mwalimu Kibao

Rula, kama umoja ulikuwa wa kipato tu, tueleze kwa nini Waprotestanti waliobaki waliendelea kusali mle kwa miongo minne, wakati wenzao wote walishahama?

Tazama mfuatano. Wakatoliki walitoka mapema sana, wakajenga la magogo, kisha Marienkirche la mawe lililokamilika 1863, na jipya kando yake 1908. Wamethodisti wakajitenga 1849. Mwaka 1852 wakatoka Walutheri walioanzisha Zion. Waliobaki kwenye kinu cha kahawa, chini ya Mchungaji Dangers kuanzia 1849, ndio hao wa mtindo wa Nassau waliokataa kuchagua upande. Hao walianza kujenga Kanisa la Roho Mtakatifu mwishoni mwa miaka ya 1880. Yaani lile jengo lilikuwa na watu wake walioliamini.

#14 Bahari Kuu

Walutheri wa Zion wana mkono wa Basel ndani yake. Sinodi ya kwanza ya Kilutheri ya Texas iliundwa Houston, Novemba 1851, na wachungaji wake karibu wote walikuwa wahitimu wa St. Chrischona, chuo kilicho kilimani karibu na Basel, Uswisi. Hawa walifika na msimamo: Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri, mkononi. Kwa hiyo mgawanyiko wa 1852 haukuchipuka pale mjini peke yake.

Na sisi huku tunaijua Basel. Krapf na Rebmann walisomea umisionari palepale Basel kabla ya kutumwa na Waingereza wa CMS, shirika la umisionari la Kianglikana. Kituo chao cha Rabai, nyuma ya Mombasa, kilianza Agosti 1846, miezi mitatu baada ya Fredericksburg.

#15 Dunga la Pwani

Bahari Kuu asante, hiyo ya Rabai sikuitarajia kabisa. Kwa hiyo Wajerumani haohao ndio waliokuja kujenga Azania Front pale Dar es Salaam?

#16 Mama Zawadi

Dunga, hapana, tusiwachanganye. Azania Front ni kazi ya wamisionari chini ya utawala wa kikoloni, 1898 hadi 1902. Wa Texas walikuwa wakulima, mafundi na wafanyabiashara walioondoka kwao moja kwa moja, wakawa raia wa nchi nyingine. Na mwaka 1847 hapakuwa na nchi moja inayoitwa Ujerumani, iliungana 1871. Mtu wa Nassau, wa Hessen na wa Hannover walikuwa na serikali tatu tofauti. Hilo linarudi kwenye hoja ya Mwalimu Kibao namba 11: walikutana Texas kama majirani wapya, hawakuwa kabila moja lililohama.

#17 Mzee wa Chokaa

Mmeongea umbo kutwa nzima, hakuna aliyegusa ukuta. Ukuta ndio uliomaliza lile jengo.

Ujenzi wa vilima vile Wajerumani wanauita Fachwerk: kiunzi cha mbao, halafu viambaza vinajazwa katikati. Kwao hujazwa fito na udongo, sawa na nyumba zetu za kukandika. Texas wengi walibadili wakajaza mawe ya chokaa, maana yalikuwa yamelala chini bure. Kiunzi kinashikwa kwa ulimi na tundu, na vigingi vya mti mkavu. Tundu la kigingi kwenye ulimi linatobolewa likiwa limesogea ndani kidogo, kama milimita 3, ili kigingi kikipigwa kivute kiungo kibane chenyewe.

Tatizo ni mwaloni mbichi. Walikata, wakachonga kwa shoka na tezo, wakasimamisha palepale, hawakuwa na miaka miwili ya kusubiri ukauke. Mwaloni huu ukikauka husinyaa upana vibaya. Nguzo ya sentimita 20 inapoteza karibu sentimita 1. Ujazo wa mawe hausinyai. Matokeo yake ni ufa mwembamba kuzunguka kila kiambaza, juu, chini na ubavuni. Mvua ya upepo inaingia kwenye ufa, inateremka, inatua juu ya kizingiti cha chini, na pale haina pa kutokea. Kizingiti kinaoza kutoka ndani wakati uso wa nje unaonekana mzima. Unaujua kwa kuudunga patasi: ikizama bila kugongewa, umekwisha.

Kinga ni tatu na zote za bei nafuu. Msingi wa mawe upande juu ya ardhi angalau sentimita 30 kabla ya kizingiti. Upenu utoke nje vya kutosha. Na baada ya msimu mmoja wa kiangazi urudi uzibe nyufa zote kwa chokaa. Ukuta wa futi 18 kwenda juu ni mrefu mno kwa upenu wa kawaida. Mvua ya upepo inapiga nusu ya chini hata upenu uwe mpana. Hapo ndipo Rula na hesabu zake za mbao tunapoachana: seremala mwenye akili angeshusha ukuta hadi futi 12.

#18 Njiwa Manga

Mzee shikamoo. Chokaa yenyewe waliipataje, na kuna tofauti na ya huku kwetu?

#19 Mzee wa Chokaa

Marahaba. Kanuni moja. Pwani tunachoma matumbawe juu ya lundo la magogo, wao walichoma mawe ya vilima kwenye tanuri lililochimbwa ubavuni mwa kilima. Joto lifike karibu digrii 900, na lidumu mpaka moyo wa jiwe ufikiwe. Kilo 100 za jiwe safi zinatoa kilo 56 za chokaa hai. Jiwe likiwa kubwa kuliko ngumi mbili linabaki bichi katikati, na kile kipande kibichi ndani ya lipu hakifanyi kazi yoyote. Likiungua kupita kiasi ni baya zaidi: linachelewa kunywa maji, linavimba baada ya miezi ndani ya ukuta, na lipu inatoka vidonge.

Chokaa hai unaitia kwenye maji taratibu, usimwage maji juu yake, maana inachemka na kurukia macho. Ichujwe, ilale shimoni chini ya maji kwa wiki kadhaa, miezi ni bora. Kisha sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga wenye kingo kali, siyo mchanga wa pwani wa duara. Kiangazi cha Texas ni cha moto na kikavu. Lipu ikikauka kabla haijaiva inageuka unga. Tundika magunia yenye maji mbele ya ukuta, uyanyunyizie asubuhi na jioni wiki nzima.

#20 Kijiti

Mzee, kwa nini wasingepaka saruji tu baadaye? Miaka ya 1890 saruji ilikuwepo.

#21 Mzee wa Chokaa

Kijiti mwanangu, saruji juu ya kiunzi cha mbao ni kulifungia jengo maji ndani. Chokaa inapitisha unyevu, ukuta ukilowa leo kesho umekauka. Saruji haipitishi hivyo. Inapasuka mahali mbao zinapocheza, maji yanaingia kwenye ufa mmoja na hayatoki popote. Kizingiti ambacho kingedumu miaka 60 hakimalizi 15. Makosa haya wanayafanya hata leo kwenye nyumba za zamani, Zanzibar na Texas.

#22 Dunga la Pwani

Sasa swali langu mimi wa mtaani: kama lilikuwa kipenzi cha mji, kwa nini walivunje 1897, mwaka mmoja tu baada ya mji kutimiza miaka 50?

#23 Msoma Ramani

Dunga, barabara. Liko katikati ya njia kuu. Barabara ile ni pana sana, inasemekana ilipimwa ili gari la ng'ombe liweze kugeuka, lakini jengo la mita 13 katikati yake ni kizuizi kwa kila kinachopita. Mahakama mpya ya mawe ya Alfred Giles ilisimama ng'ambo tangu 1882, na kinu cha kahawa kimekaa mbele yake kimechakaa. Mji ulitaka kuonekana mji.

#24 Mwalimu Kibao

Barabara ilikuwa palepale tangu 1847, haikuhamia 1897. Kilichobadilika ni kwamba waumini wa mwisho walipata kanisa lao, jengo likabaki halina mwenyewe. Jengo la wote, siku likihitaji paa jipya, anaitwa nani?

#25 Fundi Tezo

Wote wawili mmeliacha paa, na paa lina mashitaka yake.

Paa la pembenane linasukuma kuta nje. Kwenye nyumba ya mstatili unafunga kenchi, boriti ya chini inavuta kuta mbili zinazotazamana, kwisha. Hapa upana ni mita 13.25, na boriti nzima ya urefu huo, kwa mwaloni wa Rula, haipo. Njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni kuunga boriti, na kila kiungo ni udhaifu. Ya pili ni kuziacha mbati nane za juu ya ukuta zifanye kazi ya pete: zishikane kwenye kona kwa nusu kwa nusu, kigingi, na ukanda wa chuma. Pete ikishika, kuta zinasimama hata bila boriti ya katikati. Kona moja ikilegea, zote nane zinaanza kuachia.

Dalili yake unaiona kwa macho. Ufa kwenye kona, mpana juu na mwembamba chini. Weka timazi kwenye nguzo ya kona, utakuta kichwa chake kimetoka nje. Kisha kile kijumba cha juu kinazama, kwa sababu kimekalia pete ndogo ambayo makombamoyo yote yanaiegemea. Kijumba hicho ndicho kilichomwokoa seremala na balaa la kukutanisha makombamoyo manane kwenye ncha moja. Kila moja linagonga upande wake wa pete ndogo na kutulia. Kinaleta mwanga na kutoa joto pia. Ila ndicho cha kwanza kuonyesha ugonjwa.

Kurekebisha: unafunga mnyororo au kebo nje kuzunguka mbati zote, unakaza kidogokidogo kila siku mpaka kona zirudi, ndipo unaweka kanda mpya za chuma. Kazi ya wiki kadhaa na mafundi wanaojua. Jengo la miaka 50 lenye vizingiti vilivyooza chini na pete iliyolegea juu, baraza la mji likipiga hesabu, linavunja.

#26 Rula ya Chuma

Fundi Tezo, umenijengea hoja vizuri kuliko nilivyoijenga mimi. Pete ya mbati nane za futi 18! Kila kipande kinatoka kwenye mti mmoja uliokuwepo kilimani.

Nyongeza moja. Waliobobea kwenye magogo ya kulaza watakubali: kona ya digrii 90 unakata tundu gogo linakaa juu ya jenzake kwa uzito. Kona ya digrii 135 gogo linateleza. Ndiyo maana kiunzi cha kusimamisha kilikuwa lazima, na kiwanda cha mbao hakikuwepo karibu. Wamormoni wa Lyman Wight walifika jirani, Zodiac kwenye mto Pedernales, mwaka huohuo 1847, na kinu chao cha mbao kilikuja kuwauzia Wajerumani baadaye. Mbao za kinu cha kahawa zilichongwa kwa mkono.

#27 Msoma Ramani

Rula, na mtu wa Kassel umemweka wapi? Seremala anaweza kukupa sababu mia za kutumia boriti fupi. Angeweza kujenga mistatili miwili iliyounganishwa kama herufi L. Aliyesema "nane" alikuwa ameshaiona nane.

#28 Bahari Kuu

Kuna jambo dogo linalosahaulika: zile nyumba za Jumapili. Wafugaji wa mbali waliweka vijumba mjini, chumba kimoja chini, dari ya kulala juu, mara nyingi ngazi ikiwa nje ili isile nafasi ya ndani. Wanafika Jumamosi, wananunua, wanalala, Jumapili wanasali, wanarudi shambani.

#29 Mama Zawadi

Nzuri Bahari Kuu, ila wasomaji wasidhani ni za 1847. Nyingi ni za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, wakati kila dhehebu lilikuwa na kanisa lake. Kwenye enzi za kinu cha kahawa familia zilipewa kiwanja mjini na ekari 10 za kulima nje, hawakuwa mbali kiasi cha kuhitaji kulala.

Kuhusu nakala ya 1935 na 1936, wanaokwenda wajue wanachotazama. Iko uwanja wa soko, siyo mahali pa asili, na inatumika kama makumbusho. Anayetaka kujua vipimo vya zamani aanze na picha za kabla ya 1897, kisha alinganishe.

#30 Mwalimu Kibao

Mama Zawadi, ukilinganisha picha tazama na milango. Anayedai jengo lilichorwa na seremala, na anayedai lilitoka Kassel, wote wawili wanatakiwa watuonyeshe mlango ulikaa upande gani na mimbari ilitazama wapi. Hapo ndipo tutajua kama pembenane ile ilikuwa na kichwa.

#31 Fundi Tezo

Na mkishapata picha, pimeni kwa dirisha. Fremu ya dirisha haibadiliki kadiri ukuta unavyoegemea: chukua upana wake kama kipimo, hesabu unaingia mara ngapi kwenye upande wa futi 18, kisha fanya hivyohivyo kwa umbali kati ya nguzo mbili za kona, juu na chini. Picha iwe imepigwa uso kwa uso na ukuta, isiwe ya mshazari. Kama umbali kati ya nguzo mbili juu umezidi wa chini, pete ilikuwa imeshalegea kabla hawajashika nyundo.